Sisi waguswa wa bomba la mafuta ghafi (EACOP), yaani tuliopitiwa ardhi zetu: mlitufunga mikono 2018, mkatulipa 2022. Hiyo miaka katikati ni ya nani?

Wakuu, kabla hamjanirukia: sipingi bomba. Najua habari zake zote, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, 1,147 ziko ndani ya Tanzania, mafuta yenyewe mazito kama nta mpaka yapashwe moto nyuzi 50 ndiyo yatembee. Lilipowekwa jiwe la msingi hapa Tanga mwaka 2017 nilikuwa mmoja wa waliopiga miluzi. Kwa hiyo yule atakayekuja kuniita mpinga maendeleo aokoe bando lake.

Naongelea shamba la mama yangu. Kampuni iliyokuja kuthamini siitaji, na ofisi niliyozungushwa siitaji.

Walikuja 2018, vijana wanne na mwenyekiti wa kitongoji mbele. Wakahesabu michungwa, mmoja mmoja, kila uliohesabiwa wanaupiga alama ya rangi nyekundu kwenye shina. Ikafika 41. Jiko la nje nalo likaandikwa, maana lilikuwa ndani ya mkuza, yaani ule ukanda wa ardhi unaochukuliwa kupitisha bomba. Mama akaweka dole gumba kwenye fomu iliyoandikwa Kiingereza. Mama yangu hata barua ya Kiswahili nasoma mimi. Kisha mmoja akamwambia, kwa adabu kabisa, "Mama, kuanzia leo usipande mti wala usiongeze jengo humu. Mahindi na mihogo sawa, ila cha kudumu hakitahesabiwa." Hiyo ndiyo wanaiita tarehe ya ukomo.

Hela imeingia 2022.

Katikati hapo michungwa sita ilikauka na hakuthubutu kupandikiza. Bati la jiko likatoboka, nikamnunulia mawili mapya, akakataa yasipigwe. Alisema wataona anatafuta fidia ya ujanja. Masika mbili amepika na sufuria nyingine pembeni inakinga maji. Bati mbili, jamani!

Sasa nikaanza kusoma sheria, na hapa ndipo nilipochemka kwa hasira. Katiba ibara ya 24 inataka fidia inayostahili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Maneno matamu. Halafu inakuja Sheria ya Uthamini ya 2016: fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini, ikipita hapo riba inaanza. Mmeona ujanja ulipo? Mama kafungwa siku ile ile mti wake ulipopakwa rangi. Saa ya mlipaji inaanza kugonga siku ripoti inaposainiwa mezani, na ripoti inaweza kuzunguka mezani muda wowote unaojua wewe. Yule anayechukua ardhi hadaiwi hata senti kwa muda huo. Anayesubiri ndiye anayeulipia, kwa michungwa.

Na kwenye hati ya malipo kweli kuna kamstari ka nyongeza ya kuchelewa, nisiseme uongo. Nikauliza, imehesabiwa kuanzia tarehe ipi? Dada wa dirishani kanitazama kama nimemuuliza umri wake.

Kanuni za fidia za 2001 nazo ni burudani. Posho ya usumbufu inafuata wastani wa riba ya amana za benki. Posho ya makazi ni kodi ya miezi 36. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 kwa kilomita 20. Tani kumi na mbili! Jirani yetu aliyehamishwa nyumba alikuwa na vitanda viwili, kabati na mbuzi. Lakini ukitafuta posho ya kuishi miaka minne bila kujua upande au usipande, humo haimo.

Kuna jambo lingine, na hili ndilo linaniuma mpaka leo. Mkuza ni mita 30 kwa upana. Umepita shambani kwa mshazari. Upande wa nyumba kumebaki eneo la maana. Upande wa bondeni kumebaki pembe tatu, nimeipima kwa hatua, upande mrefu hatua 52. Hiyo haikuchukuliwa kwa hiyo haikulipwa. Kwenye karatasi bado ni mali ya mama, hongera zake. Kipindi mitambo inachimba alikuwa anazunguka kwa shamba la watu kwenda kupalilia mihogo yake, mwisho akaacha. Leo imeota nyasi.

Najua kuna wa kusema angekataa kusaini. Kwa wenzetu Uganda katiba yao inataka ulipwe kabla ardhi haijachukuliwa. Desemba 2023 Mahakama Kuu ya Hoima, kwenye kesi ya mradi wa visima vya mafuta wa Tilenga, iliiruhusu serikali iweke fidia mahakamani na familia 42 zilizogoma ziondoke. Haya, mama yangu na dole gumba lake angegoma na nini?

Wanasheria na wathamini mliomo humu, nina maswali mawili tu. Kipande kilichobaki kisicholimika, kuna kifungu cha kumlazimisha mchukuaji akichukue chote au alipe kushuka kwa thamani yake? Na ile nyongeza ya kuchelewa, naweza kudai kwa maandishi nioneshwe ilivyohesabiwa, na barua niiandike kwa nani hasa?

Msiniambie nianzie kwa mtendaji wa kijiji. Nimeshaenda mara tatu, mara ya mwisho nimemkuta yeye mwenyewe anasubiri fidia yake.