Mjadala: Chuma kimwagwe baharini ili kupunguza hewa ukaa?

MLETA MADA: Wakuu, kuna hoja imerudi kwa nguvu, naomba tuichambue bila kutukanana. Bahari inayoizunguka Antaktika ina virutubisho vya naitreti na fosfeti tele, ila chuma ni haba mno, kwa hiyo fitoplanktoni, ile mimea midogo isiyoonekana kwa macho, haistawi inavyoweza. Mwaka 1988 mwanasayansi wa Marekani, John Martin, alisema apewe nusu meli ya chuma naye atawapa enzi ya barafu. Mantiki yake ni kwamba ukimwaga chuma mimea inachanua, inavuta hewa ukaa, inakufa, inazama nayo. Tangu 1993 majaribio zaidi ya kumi yamefanyika baharini, na mengi yamechanua kweli. Mwaka 2021 Akademia za Kitaifa za Marekani zilipendekeza utafiti zaidi.

Msimamo wangu: utafiti uendelee, lakini biashara ya kaboni, yaani kuuza kila tani ya hewa ukaa inayodaiwa kuondolewa, isiguse jambo hili. Watetezi wake wanahesabu gesi moja tu. Mmea ule ukizama, bakteria wanaula, na wanapoula oksijeni inapungua. Oksijeni ikipungua, bakteria wengine wanaoishi kwa kubadilisha misombo ya naitrojeni huachia naitrasi oksaidi, gesi ambayo tani yake moja inapasha dunia joto karibu mara 270 ya tani ya hewa ukaa kwa kipindi cha miaka 100. Haihitaji kutoka nyingi ndipo faida yote iliwe. Katika jaribio la SOIREE la 1999, kusini mwa Australia, ongezeko lake lilipimwa chini kidogo ya tabaka la juu la maji. Mwenye hoja ya kupinga aje.

MCHANGIAJI WA MOMBASA: Mkuu, umechagua jaribio linalokufaa. Mwaka 2004 meli ya Kijerumani Polarstern ilifanya jaribio la EIFEX, likafuatiliwa kwa wiki tano hivi. Walipima hiyohiyo naitrasi oksaidi na hawakuona imerundikana. Tena angalau nusu ya mimea iliyochanua ilizama kupita mita 1,000. Halafu umeiacha DMS, dimethili salfaidi. Fitoplanktoni wana kemikali ndani ya seli. Seli ikipasuka au ikiliwa, bakteria huivunja na DMS inatoka. Ndiyo sehemu ya ile harufu unayoivuta ukikaribia pwani. Ikifika hewani hugeuka chembe za salfeti zinazosaidia mawingu kuunda, na mawingu hurudisha mwanga wa jua juu. Jaribio la IronEx II la 1995 lilionyesha DMS ikipanda mara kadhaa. Hiyo ni faida, kaka, mbona huiweki kwenye mizani? Sisi wa pwani matumbawe yetu yanaungua sasa hivi. Kusubiri nako kuna gharama.

MLETA MADA: Ndugu yangu wa Mombasa, nashukuru, EIFEX ni hoja nzito. Ila jiulize meli ile ilipima wapi na kwa muda gani. Wiki tano zinatosha kuona mimea ikizama, hazitoshi kuona bakteria wakiimaliza huko kilindini, ambako kazi hiyo huchukua miezi na miaka huku maji yenyewe yakisafiri. Gesi inaweza kutokea mbali kabisa na pale chuma kilipomwagwa, na hapo hakuna meli ya kupima. Na meli ileile, mwaka 2009, kwenye jaribio la LOHAFEX la India na Ujerumani, ilikuta silika haitoshi, diatomu, yaani fitoplanktoni wanaojenga ganda kwa silika, hawakustawi, kaboni iliyozama ikawa kidogo. Chuma kilekile, matokeo mbalimbali.

Kuhusu DMS, si kila kemikali ile huishia kuwa DMS; bakteria wengi huitumia kama chakula kwa njia nyingine isiyotoa gesi hiyo. Na wazo kwamba fitoplanktoni wanaiongoza hali ya hewa kupitia mawingu, lililotolewa 1987, limepingwa sana kwa sababu chembe nyingi za mawingu baharini zina vyanzo vingine, ikiwemo chumvi. Kuuza tani za kaboni kwa kutegemea hilo ni kuuza usichokuwa nacho.

MCHANGIAJI WA MUSCAT: Nawasalimu nyote. Huku tuna mfano wa asili, ambapo hakuna aliyemwaga kitu. Upepo wa kusi ukivuma, maji ya chini yenye rutuba hupanda pwani ya Somalia na Oman, fitoplanktoni wanachanua. Chini yake Bahari ya Arabu ina tabaka nene lisilo na oksijeni ya kutosha, na eneo hili linajulikana kwa kutoa naitrasi oksaidi nyingi. Mwenye kutaka kujua bahari inafanya nini ikilishwa sana aanzie hapa.

MCHANGIAJI WA MOMBASA: Dada, mfano mzuri, ila maji ya Antaktika ni baridi na yana oksijeni zaidi. Usiyafananishe moja kwa moja.

MLETA MADA: Hapo nakubaliana nawe kabisa. Lakini mwaka 2012 kampuni moja ilimwaga takriban tani 100 za salfeti ya chuma magharibi mwa visiwa vya Haida Gwaii, Kanada, ikitaraji samaki aina ya samoni na mapato ya kaboni. Mwaka uliofuata nchi za Itifaki ya London, mkataba wa kuzuia utupaji wa taka baharini, zikapitisha marekebisho ya kubana umwagaji wa aina hiyo, isipokuwa utafiti uliopimwa athari zake. Naomba anayetetea biashara hii anijibu: fedha zikishalipwa na meli ikaondoka, nani atagharamia kupima gesi hizo miaka kumi baadaye?