Dampa la tani 6, madampa ya tani 3 au trekta na trela? Kazi iko Pongwe

Mjenzi_Pongwe
Wakuu habari za jioni. Nina kazi ya kuchimba na kuhamisha udongo Pongwe, Tanga, nataka iishe kabla masika hayajashika. Mbele yangu kuna mambo matatu: kukodi dampa la tani 6 (lile bakuli mbele, dereva nyuma), kukodi madampa madogo ya tani 3, au trekta MF 375 (Massey Ferguson) na trela la kupindua. Jirani ananiambia niachane na yote nilete Fuso tipa. Ipi inafaa? Mwenye mashine anataka jibu Jumatatu.

Opereta_Kange
Mkuu, hapo umemuuliza fundi cherehani suruali inakula kitambaa kiasi gani, mvaaji umemficha. Umbali kutoka shimo hadi pa kumwaga? Udongo gani? Mita za ujazo ngapi? Mteremko? Anapakia nani, eskaveta au vijana na makoleo?

Bi_Kokoto
Na udongo unaishia wapi? Kama unatoka nje ya kiwanja na kukanyaga lami, hakuna mjadala, chukua tipa. Dampa la saiti si chombo cha barabarani: mwendo wake mdogo, na bakuli likijaa dereva haoni kilicho karibu mbele yake.

Mjenzi_Pongwe
Samahani wakuu. Msingi wa jengo pamoja na shimo la maji taka, jumla kama mita za ujazo 900. Juu udongo mwekundu, ukishuka unakuta mawe ya chokaa. Haitoki nje, inakwenda kujaza bonde nyuma ya kiwanja, mita 250 hivi. Mteremko upo kidogo upande wa bonde. Eskaveta ni ya tani 8, ndoo robo ya mita ya ujazo.

Hesabu_Saiti
Sasa tunaongea. Hizo 900 ni ardhini. Udongo ukichimbwa unavimba, weka asilimia 25, utabeba 1,125.

Dampa la tani 6: bakuli likirundikwa linachukua kama mita za ujazo 3.2, lakini kwa njia mbaya pigia 2.8. Ndoo ya robo mita inahitaji kumimina mara 11 au 12, kila mzunguko sekunde 20, hapo dakika 4 zimekwenda kwenye kupakia tu. Kwenda na mzigo dakika moja na nusu, kurudi moja, kumwaga na kugeuza moja. Jumla 7 na nusu. Kwa saa yenye dakika 50 za kazi ya kweli unapata safari 6 hadi 7, sawa na mita 18 au 19. Kazi nzima saa 60.

La tani 3: pigia mita 1.5, ndoo 6, dakika 2 za kupakia. Mzunguko mzima dakika 5 na nusu, safari 9, mita 13 na nusu kwa saa. Saa 83.

Madampa mawili ya tani 3 yakipishana: mita 27 kwa saa, saa 42. Eskaveta inasubiri kidogo tu. Dampa moja la tani 6 linapokuwa njiani, eskaveta imekaa inachoma dizeli bure, na eskaveta ndiyo ghali hapo saiti.

Mzee_wa_Mkonge
Hesabu nzuri kijana, ila umeliruka trekta. Tanga hii trekta ndilo lenye vipuri na mafundi, mashamba ya mkonge yamelilea miaka mingi. Trela la tani 5 linabeba kama dampa kubwa, na trekta likiharibika leo kesho linafanya kazi. Dampa likifa unatafuta sili ya pampu mpaka Dar. Mashine isiyo na vipuri mjini ni waja leo waondoka leo.

Opereta_Kange
Mzee shikamoo. Vipuri sawa, nakubali. Lakini trela kwenye kiwanja cha ujenzi linakula nafasi ya kugeuzia, na kurudisha nyuma trela la ekseli moja mpaka ukingo wa bonde, mara mia nne, si kila dereva anaweza. MF 375 ya kuvuta nyuma tu, udongo mwekundu ukilowa inazunguka matairi palepale kwa sababu uzito wa mzigo uko kwenye trela, hauko kwenye magurudumu yanayovuta. Dampa linavuta kwa magurudumu manne na mzigo umelalia ekseli ya mbele. Kiungo cha katikati kinaziruhusu nusu mbili za mashine ziinamie pande tofauti, kwa hiyo magurudumu yote manne yanabaki chini hata njia ikiwa na mashimo.

Mzee_wa_Mkonge
Marahaba. Anayeshindwa kurudisha trela asiitwe dereva. Na kama atalichukua trekta, pedali mbili za breki zifungwe pamoja. Wengi wanaziacha zimeachana kama wako shambani. Ukikanyaga moja kwenye mteremko, trela linakusukuma na trekta linakata kona lenyewe.

Fundi_Haidroliki
Kabla hujakodi la tani 6, nenda kalione kwa macho. Kuna moja la mtumba lililofanya kazi ya mitaro upande wa Pangani, mwenye nalo simtaji, nalieleza kwa sababu kosa lake ni la kila siku.

Kiungo cha katikati kina pini mbili za wima na bushi zake, kinataka grisi kila siku ya kazi. Pale walikuwa wanapaka kwa wiki mara moja. Vumbi la mawe ya chokaa likichanganyika na grisi kuukuu linakuwa kama msasa, na hewa ya chumvi inamalizia. Bushi zikaisha, pini ikaanza kula nyumba yake, tundu likawa yai. Dereva akawa anasema tu "usukani umelegea". Usukani haukuwa umelegea, ni nusu mbili za mashine zilizokuwa zinacheza.

Sasa mipira ya haidroliki ya silinda ya usukani inapita papo hapo katikati. Chesisi ikicheza, mpira unabanwa na kusuguliwa palepale kila unapokata kona. Ganda la nje likachanika, nyaya za ndani zikaonekana, zikashika kutu. Mtu akazungushia mpira wa tyubu kama bandeji! Siku moja likishuka na mzigo mpira ukapasuka. Usukani wa dampa hauna fimbo ya kuunganisha na magurudumu, ni mafuta tu. Mafuta yakitoka, unazungusha usukani na hakuna kinachotokea. Likaingia mtaroni. Dereva alikuwa amefunga mkanda na fremu ya kinga (ile ya kumlinda likipinduka) ilikuwa imesimama, akatoka na michubuko. Kubadilisha bushi mapema ni kazi ya siku moja. Pale ilibidi nyumba ya pini ichomelewe, itobolewe upya kwa mashine maalumu, na silinda nayo ilikuwa imepinda.

Kwa hiyo ukifika: kwanza zima injini, chomeka mtaimbo kati ya nusu mbili za chesisi karibu na pini, sukuma. Mchezo ukiuona kwa macho, achana nalo. Pili, washa, inua bakuli tupu, zima, subiri dakika kumi bila mtu yeyote kusimama chini yake. Likishuka lenyewe, sili za silinda au valvu zinavuja. Tatu, angalia mafuta ya haidroliki kwenye kioo cha tangi, yakiwa kama chai ya maziwa yana maji. Nne, fremu ya kinga isiwe imetobolewa wala kuchomelewa na fundi wa mtaani.

Bi_Kokoto
Ongeza la tano: mita ya saa ikisoma chache huku pedali zimelika hadi chuma, mita hiyo inadanganya.

Kijana_wa_Gia
Hakuna aliyeuliza kama ni la gia au la haidrostati (linaloendeshwa kwa pampu na mota za mafuta). Mimi siwezi kumshauri mtu achukue la haidrostati kwa Tanga. Pampu na mota zinataka mafuta safi kabisa, filta ya kweli siyo ya kubahatisha. Chembe moja ya mchanga imekwangua pampu, na pampu hiyo inaweza kukaribia bei ya injini nzima. La gia likiharibika ni klachi, difu au kigia kimoja.

Fundi_Haidroliki
Filta hubahatishwa na mwenye mashine, haidrostati haina kosa. Kwa mzunguko mfupi wa mita 250, kwenda na kurudi kutwa nzima, dereva wa gia anaua klachi. Haidrostati ukiachia pedali mashine yenyewe inapunguza mwendo, breki zinadumu.

Kijana_wa_Gia
Zinadumu mpaka pampu ife, ndipo unagundua huna hata namna ya kulivuta bila kufungua valvu ya kuachia kwanza. Wangapi wanajua ilipo? Wanalivuta hivyohivyo, wanamalizia na mota.

Fundi_Haidroliki
Hilo kweli. Kitabu cha mashine kinaonyesha. Kitabu chenyewe ndicho hakipo.

Bi_Kokoto
Turudi kwa mwenye kazi. Mjenzi, umesema mteremko "kidogo". Kidogo gani? Chukua ubao wa mita moja, weka levo, pima pengo upande wa chini. Pengo la sentimita 10 ni asilimia 10, mashine nzima inapita vizuri. Ukifika 25 hapo ndipo mwisho kwa madampa mengi yakiwa na mzigo, tena udongo uwe mkavu. Na kanuni ni moja: ukiwa na mzigo bakuli liangalie juu ya kilima. Unapanda kwa mbele, unashuka kwa rivasi. Wengi wanashuka kwa mbele kwa sababu ni rahisi, uzito wote unalalia magurudumu ya mbele, breki moja ya ghafla na nyuma inainuka.

Pale bondeni ukingo ni kifusi kipya, hakijashindiliwa. Usimwage kwa kusogea mpaka mwisho. Weka gogo nene au tuta la udongo lililoshindiliwa, mita moja na nusu hadi mbili kabla ya ukingo, magurudumu yagote hapo. Mwaga, kisha katapila au eskaveta isukume.

Opereta_Kange
Na udongo mwekundu ukilowa unanata kwenye bakuli. Bakuli liko juu, mzigo hautoki, uzito wote umekwenda mbele na juu. Dereva anaanza kulitikisa kwa kugonga breki. Hapo ndipo yanapopinduka kifudifudi. Shusha, shuka, kwangua kwa koleo. Kila jioni lioshwe bakuli, usiache udongo ukaukie ndani, kesho utabeba robo mita ya udongo wa jana kutwa nzima.

Mjenzi_Pongwe
Asanteni sana, nimepima, ni sentimita 12 kwa mita. Nimeanza kulielekea la tani 6 maana mwenye nalo amepunguza bei. Sijui kama ina maana, ila kupita kwenda nyuma kuna njia kati ya ukuta wa jirani na stoo, ina mita 2.1.

Bi_Kokoto
Ina maana?? Kaka, hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza! La tani 6 lina upana wa zaidi ya mita 2.2, mengine yanakaribia 2.5. Halipiti. Watu wamekupigia hesabu za dakika na sekunde bure.

Hesabu_Saiti
😂😂 Si bure, bado za tani 3 zinasimama. Hayo yana kama mita 1.8. Unabaki na sentimita 15 kila upande, mtu wa kuelekeza awepo, na njia iwe ya kupita moja moja, kwa hiyo punguza mita zangu 27 hadi 22 au 23, moja litakuwa linalingoja jingine.

Mzee_wa_Mkonge
Trekta la 375 nalo linapita hapo, trela jembamba lipo.

Opereta_Kange
Linapita, halafu likageukie wapi, stoo?

Mjenzi_Pongwe
Stoo ni ya mabati, naweza kuihamisha. Nikiitoa napata mita 4.

Kijana_wa_Gia
Basi turudi mwanzo, la tani 6 limefufuka. Ni la gia?

Fundi_Haidroliki
Kabla ya kufufuka, uliza matairi. La tani 6 mara nyingi linavaa 405/70-20, moja likipasuliwa na jiwe la chokaa Pongwe, usitegemee kulipata Tanga siku hiyohiyo. Madogo yanavaa 11.5/80-15.3, saizi ya matrela ya kilimo, yanapatikana. Muulize mwenye mashine kama ana tairi la akiba na nani analipa pancha.

Bi_Kokoto
Na zege je? Ukimaliza kuchimba utatumia hilohilo dampa kubeba zege ya msingi? Zege ni tani 2.4 kwa mita, la tani 3 usilijaze zaidi ya mita moja na kidogo, na kwa njia ya mashimo kokoto zinazama chini, maji yanapanda juu.

Mjenzi_Pongwe
Zege sijaifikiria bado. Bakuli la kuzunguka lina faida kwenye zege au ni mbwembwe?

Opereta_Kange
Lina faida sana kwenye mtaro, unamwaga kwa ubavu bila kuuelekea mtaro. Ila kwa ubavu usimwage ukiwa kwenye mteremko, na wakati wa kusafiri pini ya kulifunga katikati iwe imeingia. Lako lina pini? Piga picha utuwekee.