Nauza mtandaoni kutokea nyumbani: nawezaje kuficha majina yangu na mahali ninapoishi?

Uzi_na_Kitenge:
Habari wakuu. Nashona nguo za watoto na kuziuza Instagram na WhatsApp. Nipo Dar, kazi nafanyia nyumbani, sina fremu. Mteja akitaka kulipa anaona majina yangu yote, akitaka mzigo anaomba location ya nyumbani. Naishi na watoto wadogo, sitaki kila mwenye namba yangu ajue geti langu. Kuna aliyenishauri ninunue laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ni sawa? Nianzie wapi?

FundiLaini:
Hiyo laini ya jina la mtu mwingine achana nayo, dada. Laini ni ya aliyeweka kidole. Siku akienda kwa wakala akadai kadi imepotea, anapewa kadi mpya yenye namba ileile, na wateja wako wote wanahamia kwake. Huna pa kudai, na kisheria wote wawili mko matatani. Ukiwa hapohapo piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa (NIDA). Usiyoitambua, nenda duka la mtandao husika waifute.

Unachohitaji ni laini ya pili kwa jina lako mwenyewe, ya biashara tu. Mtandao wa simu kukujua si tatizo lako. Tatizo ni anachokiona mteja. Mtu akianza kukutumia pesa, jina lako linatokea kabla hajaweka namba ya siri, kwa hiyo anaweza kulisoma, akaghairi, na asitume hata shilingi. Wengi wanakosea hapa: wananunua laini mpya, wakala anaifungulia na akaunti ya pesa palepale, na majina yanabaki wazi kama mwanzo. Mwambie mapema kwamba hii ni ya kupiga na WhatsApp tu.

Malipo yapite kwenye Lipa Namba (namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu) iliyofunguliwa kwa jina la biashara. Kabla ya kubandika stika au kuiposti, chukua simu ya ndugu yako, ingia kwenye menyu ya kulipa, weka Lipa Namba hiyo na 1,000, usubiri jina litokee, kisha ghairi. Kama yametokea majina yako matatu, wakala ameisajili vibaya. Irudishe irekebishwe kabla hujaisambaza, maana ukishaiposti watu wanaipiga picha ya skrini na kubaki nayo.

MamaRamani:
FundiLaini kamaliza upande wa pesa. Mimi naongezea mahali, kwa sababu nyumba nyingi hujulikana kupitia picha.

Tangu anwani za makazi ziwekwe, kibao cha getini kina namba ya nyumba na barabara ina jina. Kikionekana kwenye picha moja tu ya gauni lililotundikwa nje, umeshajitambulisha. Pigia picha ndani, mbele ya ukuta mtupu au shuka la rangi moja. Kabla ya kuposti, ikuze picha uangalie pembeni: namba ya gari, sare ya shule ya mtoto (hiyo inataja shule, na shule ina saa za kutoka), risiti ya umeme wa LUKU mezani, kioo kinachoakisi dirisha, mnara au ghorofa maarufu linaloonekana kwa mbali.

Halafu kuna eneo ilipopigwa picha, linalojificha ndani ya faili lake. Instagram na WhatsApp huliondoa picha inapopita kama picha ya kawaida. Ukiituma WhatsApp kama waraka ili isipoteze ubora, au kwa barua pepe, linakwenda nalo zima. Tiba ni kulizima kwenye chanzo: fungua mipangilio ya kamera uzime kuhifadhi eneo. Kwa iPhone, iko kwenye ruhusa za eneo, chagua Kamera, weka Kamwe. Picha za zamani zifungue kwenye Google Photos, uvute juu. Ukiona ramani, eneo bado lipo.

Kama biashara iko Google Maps, futa anwani ya mtaa na uweke maeneo unayopeleka mizigo. Google inakubali mpaka maeneo 20, na pini ya nyumba haionekani tena.

Uzi_na_Kitenge:
Asanteni sana. Na bodaboda je? Na mteja akisisitiza kuja kuchukua mwenyewe?

MamaRamani:
Chagua sehemu moja ya kudumu ya kukabidhi mizigo: duka la mtu unayemwamini, kituo cha mafuta, kijiwe cha boda, iwe mbali kidogo na mtaa wako. Unapotuma location usibonyeze eneo ulipo sasa. Tafuta jina la sehemu hiyo kwenye ramani, utume pini yake. Location ya moja kwa moja usiitumie kabisa kwa mteja. Hata muda mfupi wa dakika 15 unatosha kukufuata hadi mlangoni. Mzigo wa mkoani unaokwenda kwa basi, upande wa mtumaji andika jina la biashara na namba ya biashara, siyo "Mama Fulani, Tabata". Mteja akikataa sehemu hiyo, muache aende. Kuuza gauni moja hakulingani na usalama wa watoto.

Kauzu_IT:
Upande wa WhatsApp: Mipangilio, Faragha, kisha picha ya wasifu na mara ya mwisho kuonekana viwe kwa unaowasiliana nao tu, na makundi vilevile. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Laini ikikaa miezi bila kutumika hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na PIN ya tarakimu 6 unayoiweka hapo husaidia kumzuia kuingia kwenye akaunti yako. Ukifungua akaunti ya biashara Instagram, itakuomba namba, barua pepe na anwani ya kuonyesha hadharani. Ruka anwani.

Truecaller (programu inayoonyesha jina la mwenye namba): zima kwanza akaunti yako ndani ya programu, ndipo uingie ukurasa wao wa kuondoa namba, uiandike ikianza na +255. Ukianza na ukurasa, haitakubali. GetContact, programu nyingine ya aina hiyo, ni kazi ya peke yake. Huko yanaonekana majina ambayo watu wamekuhifadhi nayo, na wapo wanaohifadhi "Fundi nyumba ya bluu Tabata". Kwa hiyo namba yako binafsi ibaki kwa familia, isiguse biashara hata siku moja.

Msomaji_Nairobi:
Kwa walio Kenya: Pochi la Biashara hulipwa kwa namba yako ya simu, kwa hivyo haifichi namba. Chukua Till (namba ya malipo ya duka) ya Lipa na M-Pesa kwa jina la biashara.

FundiLaini:
Jambo moja zaidi, dada. Majina na anwani za wateja unazoandika kwenye daftari ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuhusu na wewe unayekusanya. Ulizia usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mzigo ukishafika na muda wa kurudisha ukiisha, futa anwani ya mteja.