MJADALA: Kenya Regiment ifundishwe shuleni ama tuendelee kuiruka?

Mwana wa Ruring'u
Wakuu naomba tuongee hili bila kuogopana. Kenya Regiment ilikuwa jeshi la akiba la masetla hapa Kenya, ikaundwa 1937 na ikavunjwa Mei 1963, miezi saba hivi kabla hatujapandisha bendera. Beji yao kichwa cha nyati. Vijana wa kizungu wa mashambani na maofisini, siku za kawaida wanafanya kazi zao, wana siku zao za mazoezi, vita vikija wanaitwa. Imajensi, yaani hali ya hatari, ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 wao ndio wakawa macho na masikio ya Mwingereza, kwa sababu wengi walilelewa hapa hapa, Kiswahili wanakijua, na wengine Kikuyu wanaongea kama wewe na mimi. Lakini muulize mwanafunzi wa Form Two, atakutajia Mau Mau waliopigana na Mwingereza msituni, Keya (askari Waafrika wa jeshi la Mwingereza) na homgadi (walinzi Waafrika wa upande wa serikali ya mkoloni), ameishia hapo. Mimi nasema ifundishwe kwa jina lake na kwa matendo yake. Na niseme hata kama itauma, hao vijana wasingefika popote msituni bila homgadi wetu wenyewe.

Kangema Juu
Yaani unaandika kuhusu wazungu mstari baada ya mstari halafu mwisho unatupia watu wetu mzigo? Hiyo sentensi ya mwisho ungeiacha. Kijijini Lari, Machi 1953, familia za homgadi zilifungiwa na Mau Mau ndani ya nyumba zikachomwa, akina mama na watoto wachanga. Mtu ameona hayo kwa jirani yake halafu wewe leo uko na simu mkononi unamwita msaliti. Ungekuwa yeye ungefanya nini?

Mwana wa Ruring'u
Sijasema msaliti. Soma tena.

Mama Wanja
Kangema, Lari usiikate nusu. Usiku ule ule na siku zilizofuata kisasi kikafanywa na homgadi na polisi, na waliokufa kwenye hicho kisasi walikuwa wengi kuliko wa kwanza. Hao pia walikuwa na mama zao. Kila mara Lari ikitajwa tunapewa kurasa ya kwanza tu.

Mtafiti Huru
Jamani turudi kwa swali. Kitu ambacho kingefundishwa ni magenge bandia. Vijana wa Kenya Regiment walikuwa wanajipaka rangi nyeusi, wanavaa makoti yaliyochakaa na nywele za bandia, wanaingia msituni pamoja na wapiganaji wa Mau Mau walioshikwa na kugeuzwa, wanakutana na genge la kweli usiku kana kwamba ni wenzao, kisha wanaua au wanashika. Frank Kitson anayesifiwa kwa mbinu hiyo hakuwa Kenya Regiment, alikuwa ofisa wa jeshi la Uingereza, lakini bila hao vijana wanaojua lugha na nchi asingekwenda mbali. Na mambo aliyojifunza hapa alienda nayo mpaka Belfast miaka ya 70. Jeshi dogo la miaka 26, kivuli chake kikafika Ireland. Hiyo si ya kufundisha?

Kangema Juu
@Mama Wanja hakuna mtu amekata kitu nusu. Na hiyo "homgadi na polisi" yako, polisi waliongozwa na nani? Maofisa walikuwa wazungu. Vijana wa hiyo Kenya Regiment walipewa kusimamia posti za homgadi, wengine wakafanywa madioo (maofisa wa wilaya) wa kuwaongoza. Aliyekuwa chini anatajwa kwa jina la kijiji chake mpaka leo, aliyekuwa juu amestaafu kwa amani akiwa Uingereza au Australia.

Mama Wanja
Hapo sasa umesema ukweli, lakini hauoshi kila kitu. Bibi yangu alibaki na watoto wadogo mumewe akiwa kizuizini kambi ya Manyani. Alipotoka, ardhi ilikuwa imeunganishwa na kupimwa upya, vipande vyake vizuri vya karibu na mto viko kwa mtu mwingine, amepewa mteremko wa mawe. Aliyechukua alikuwa kwenye kamati ya kugawa ardhi. Sitamtaja, wajukuu wake tunasalimiana kanisani. Na 1957 Waafrika walipopiga kura ya kwanza, Mkikuyu bila cheti cha uaminifu kwa serikali alikaa nje. Kwa hiyo usiniambie ni mzungu peke yake.

Kangema Juu
Babu yangu alikufa na ekari mbili. Mbili. Hakuwa kwenye kamati yoyote, alishika mkuki akalinda boma kwa sababu alilazimishwa na kila upande. Nimechoka kuzaliwa na deni la ardhi ambayo sijawahi kuikanyaga.

Keya wa Tabora
Habari zenu ndugu zetu wa Kenya. Mimi ni wa upande wa pili wa mpaka. Aisee hii Kenya Regiment si ndiyo ilipigana Burma? Mzee mmoja wa kwetu alikuwa anaisimulia sana.

Mtafiti Huru
Mkuu, Burma walikuwa Keya, yaani KAR (King's African Rifles), askari Waafrika kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland. Kenya Regiment vitani iligeuzwa kiwanda cha maofisa na masajenti, kijana anafunzwa kisha anapelekwa kuongoza Waafrika. Hata Waruhiu Itote, yule kiongozi wa Mau Mau aliyeitwa Jenerali China, alikuwa Burma na Keya kabla ya kuingia msituni.

Jirani wa Nanyuki
Mnasahau Leakey. Kijana wa Kenya Regiment aliyepata nishani ya Victoria Cross kwa kurukia vifaru vya Mwitaliano kwa miguu. Na baba yake, Gray Leakey, mzee anayeongea Kikuyu, alichukuliwa na Mau Mau 1954 akazikwa akiwa hai. Wazungu raia 32 waliuawa kwa Imajensi. Mkifundisha, fundisheni na hao, nao ni watu.

Mwana wa Ruring'u
Nigel Leakey nishani aliipata akiwa sajenti wa 1/6 KAR, Colito huko Ethiopia, Mei 1941, na Keya weusi waliokuwa naye hawatajwi. Baba yake kuuawa vile ni unyama, sitautetea. Lakini 32 uliyoiweka hapo weka na zaidi ya 1,000 walionyongwa kwa kamba ya serikali. Weka na 11 wa kambi ya Hola, Machi 1959, waliopigwa mpaka kufa wakiwa kizuizini.

Mama Wanja
@Keya wa Tabora karibu, ila na nyinyi mna la kujibu. Vikosi vya Keya kutoka Tanganyika na Uganda vililetwa hapa kutuwinda. Idi Amin mwenyewe alikuwa kwenye hiyo misitu.

Keya wa Tabora
Dada, askari wa kule kijijini alijua nini kuhusu ardhi ya Nyeri? Alipewa amri. Pale Posta Dar es Salaam tuna sanamu ya Askari, nanyi Nairobi mnayo yenu, zote za vita vya kwanza, zote Mwingereza ndiye aliyezisimamisha. Mjukuu wa Keya aliyetumwa Kenya hana pa kwenda kusimama, wala kujivunia wala kuomba radhi. Mimi hilo ndilo linanikera, na nyinyi mnapigania kikosi cha masetla.

Kangema Juu
Amri walipewa na homgadi pia. Mbona Keya anaeleweka na babu yangu haeleweki?

Mtafiti Huru
Jamani silabasi.

Mama Wanja
Silabasi gani, na serikali yetu wenyewe iliacha Mau Mau ikiwa chama haramu mpaka 2003? Miaka 40 ya uhuru! Sanamu ya Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ikasimama 2007. Mwingereza akakubali kulipa fidia ya mateso 2013, pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na bibi yangu hakuwa kwenye hiyo orodha kwa sababu alishakufa. Tuliwanyamazisha sisi kwanza.

Mwana wa Ruring'u
Ndiyo maana nataka ifundishwe. Mtoto akijua posti ya homgadi ilikuwa na ofisa, na ofisa alikuwa na kikosi chenye jina, ataacha kumwuliza jirani yake peke yake.

Kangema Juu
Kwa masharti hayo nakubali. Lari zote mbili, Keya wa nje watajwe, na maofisa wa zile posti waandikwe majina kama wazee wetu wanavyotajwa.

Mama Wanja
Na kamati za ardhi. Bila hizo mimi sikubali.

Kangema Juu
Za ardhi mpeleke mahakamani, si darasani.

Mama Wanja
Mahakamani gani, na hati ilitolewa 1959?