Mrejesho: kifaa cha kurekodia gemu sijanunua

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama ninunue kifaa cha nje cha kurekodia gemu au nitumie kadi ya picha iliyomo kwenye kompyuta. Mlisema nianze na cha bure, nikatii. Kadi yangu ya picha, GeForce, ina saketi yake ya kubana video, NVENC, nikaichagua ndani ya OBS (programu ya kurekodi skrini): fremu 60 kwa sekunde za gemu zikashuka hadi 57 tu. Dakika 10 kwa megabiti 50 kwa sekunde zinakula karibu GB 3.75.

Kule kukwamakwama kwa video nilizorekodi kumbe chanzo ni diski yangu kuukuu! Nikahamishia rekodi kwenye SSD (diski ya kisasa yenye kasi), kukwama kukaisha. Juzi umeme ukakatika huku Sakina, faili la MP4 likagoma kabisa kufunguka (mechi nzima, nimeshinda 4-0). Sasa narekodi kwa MKV, aina ya faili ambayo hata umeme ukikatika, kilichokwisha kurekodiwa bado hufunguka.

Kifaa cha nje nitanunua nikianza kurekodi PlayStation ya dogo.