Naomba ushauri: kipovu kwenye sampuli ya oksijeni na tope linalovurugika

Habari zenu wakuu. Ni mwanafunzi wa sayansi ya bahari, na mwezi ujao narudi kwenye mkondo wa Pemba, ambako kina kinafika takriban mita 800. Safari ya kwanza iliniumiza roho.

CTD, kile kifaa cha vipimo kinachoshushwa kwa waya, ilishuka salama, ikapima chumvi, joto na kina, na chupa za Niskin, zinazonasa maji ya kila kina, tukazifunga moja moja ikipanda. Tatizo lilianzia juu ya sitaha. Maji ya kupimia oksijeni huchotwa kabla ya mengine yote, mpira ukifika chini kabisa ya chupa ya kioo, na maji yaachwe yafurike mpaka yajibadilishe mara kadhaa. Nilifuata yote hayo. Lakini kusi ilikuwa inavuma, chombo kinayumba, na nilipotia kizibo nikaona kipovu kidogo kama punje ya mtama kimenasa shingoni. Sampuli mbili kutoka Niskin moja zikanipa majibu tofauti.

Tope la chini ya bahari nalo, bomba la kulichotea lilipanda huku maji yaliyo juu ya tope yakiwa yamechafuka. Lile tabaka la juu la tope ndilo lililotua karibuni, na ndilo ninalolihitaji hasa.

Mliofanya kazi hii kwenye vyombo vidogo, nisaidieni. Nikiona kipovu nichote upya papo hapo, hata kama Niskin imeshafunguliwa dakika kadhaa? Au hewa inakuwa imeshaingia? Na winchi mnaipunguza mwendo mita ngapi kabla bomba halijagusa chini? Siku zangu za chombo ni mbili tu.