Tupeane uzoefu: lile duka la aiskrimu la ufukweni

Mwenye Koni Tupu
Wanajamvi, salamu. Jumapili iliyopita niliwapeleka wapwa zangu wawili Coco Beach kuogelea na kula mihogo, na wakati wa kurudi tukapita kwenye lile duka la aiskrimu ambalo mtu aliyekulia Dar es Salaam hahitaji kutajiwa jina lake, na naomba nanyi msilitaje hapa. Tulisimama kwenye foleni kwa dakika 40. Nilipotoka mlangoni na koni mbili mkononi, moja ya embe na moja ya nazi, kunguru alishuka kutoka kwenye mkungu, akanyakua bonge zima la embe na kuniachia koni tupu, huku mpwa wangu wa miaka 5 akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelimeza. Nilirudi ndani kuomba niongezewe, nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba wajibu wa duka unaishia kizingitini. Jibu hilo limenikaa rohoni wiki nzima. Tupeane uzoefu: siku iliyokuuma kuliko zote mahali pale ilikuwa ipi?

Mama Pacha
Kizingitini! Nami niliambiwa hivyo hivyo mwaka jana, kwa koni ya ukwaju.

Mkazi wa Upanga
Ndugu mleta mada, kunguru hawa waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakavuka bahari, na mpaka leo wanaendelea na kazi waliyoajiriwa. Duka halikuwaleta. Mwenye koni ndiye mlinzi wake. Mimi huifunika kwa kiganja mpaka niingie garini, na sijawahi kuibiwa.

Mwenye Koni Tupu
Nilikuwa na koni mbili na watoto wawili, mzee wangu. Kiganja cha tatu ningekitoa wapi?

Mvuvi Mstaafu
Shida yangu si kunguru bali ni mchanga. Mwezi wa saba, kusi ikiwa imepamba moto, nilinunua bakuli la vanila, na kila kijiko nilichotia kinywani kililia menoni kama ninatafuna dagaa ambao hawakuoshwa. Nilipolalamika, kijana wa kaunta aliniambia eti huo ni ugandaji. Mimi nimeishi ufukweni miaka 60, mchanga ninaujua.

Kijiko cha Zamani
Shikamoo mzee wangu. Naomba niseme kwa kuwa nilisimama nyuma ya kile kioo kwa miaka mitatu. Aiskrimu nzuri imejaa hewa, na ndiyo maana ni laini; umeme ukikatika nayo ikaanza kulainika, ile hewa hutoka, na jenereta ikiwashwa ikaganda upya, maji yaliyomo hujikusanya kuwa punje za barafu. Friza ya akiba inapaswa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini umeme ukikatika mara tatu kwa siku, na jenereta ikiwa inangoja mtu aliyetumwa mafuta, nyuzi hizo hubaki kwenye kibandiko tu. Mteja anasema ni mchanga, nasi tunasema ni ugandaji, na kwa kweli mara nyingi ni ugandaji.

Mvuvi Mstaafu
Marahaba. Basi jibu swali moja, mwanangu: punje ya barafu huyeyuka ulimini. Hii yangu niliitema kiganjani na ilikuwa na kipande cha kombe.

Mama Pacha
Mzee amemaliza kesi.

Mtoto wa Kizingo
Ndugu zetu wa Dar, mnatushangaza sisi wa Mombasa. Huku Mama Ngina mtu hununua dafu, mihogo iliyotiwa pilipili na ndimu, na pakiti ya mabuyu, akakaa ukingoni kutazama meli zinazoingia Kilindini, wala hasimami foleni wala hadai kuongezewa. Hata sijui kwa nini mtu mzima apange foleni dakika 40 kwa ajili ya maziwa baridi.

Mkazi wa Upanga
Mada ni ya Dar es Salaam, ndugu. Mabuyu tunayajua.

Mzee wa Magogoni
Wanangu, marehemu baba alikuwa na pipa la mbao lenye mtungi wa bati katikati. Pembeni tulijaza barafu iliyopondwa pamoja na chumvi ya mawe, kwa sababu barafu ikitiwa chumvi ubaridi wake hushuka chini ya sifuri, ilhali barafu peke yake haina nguvu ya kugandisha maziwa yenye sukari. Sisi watoto tulizungusha mkono wa pipa kwa zamu mpaka ukawa mzito hauzunguki. Siku moja chumvi ilipenya ndani ya mtungi, tukaila hivyo hivyo, na hakuna aliyedai aongezewe.

Mama Wawili
Nimekuwa nikisoma kimyakimya, lakini neno la kizingiti limenirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi, na sasa naona ni heri niseme.

Ilikuwa Idd pili. Mwanangu wa kwanza, wakati huo akiwa na miaka 7, ana mzio wa korosho. Tuliugundua mapema, na tangu hapo nimekuwa mama wa kuuliza maswali kila mahali, hata misibani. Siku ile foleni ilikuwa imefika barabarani. Tulipofika mbele niliagiza vanila tupu, nikauliza kama ina korosho, nikajibiwa kwamba haina, na ni kweli haikuwa nayo. Lakini nilimwona yule binti akitoa kijiko cha kuchotea kutoka kwenye ndoo ya korosho aliyokuwa anamhudumia mtu wa mbele yangu, akakichovya kwenye kopo la maji yaliyokwisha kuwa meupe kama tui, akakikung'uta mara moja ukingoni, kisha akakitia kwenye vanila ya mwanangu.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Nilifungua mdomo, na nyuma yangu mwanamume mmoja akasema, "Mama, chukua usogee, tuna watoto." Nikachukua nikasogea.

Hatujafika kwenye ukuta wa ufukweni mtoto akaniambia, "Mama, ulimi unawasha." Nilimnyang'anya koni nikaitupa. Vipele vilimtoka shingoni vikiwa vimeinuka kama vya mtu aliyeguswa na upupu, midomo ikavimba, halafu sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi. Hapo ndipo magoti yangu yalipolegea, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa kwamba sauti ikibadilika nisisubiri. Gari letu lilikuwa limezibwa na magari mengine matatu. Dereva wa bajaji ambaye sikumjua na sijamwona tena alinishika mkono, akatupakia sote watatu, akaingia upande usio wake wa barabara huku akipiga honi bila kuachia, na watu wa Idd wakiwa na kanzu zao nyeupe wakawa wanaruka pembeni. Mtoto alikuwa mapajani pangu akivuta pumzi kwa mluzi, na mdogo wake alikuwa bado ameshika koni yake ya chokoleti inayomwagikia nguo mpya, akiogopa kuitupa kwa sababu hakuna aliyemwambia aitupe.

Hospitalini walimchoma sindano ya adrenalini pajani kabla hawajaniuliza jina lake. Baada ya dakika chache ule mluzi ukapungua. Tulilazwa mpaka asubuhi ili aangaliwe.

Siku ya Alhamisi nilirudi dukani. Sikutaka fedha, nilitaka mtu aone lile kopo la maji. Msimamizi alinisikiliza, akasikitika, akanipa kuponi ya koni mbili za bure. Mpaka leo iko mkobani. Dereva wa bajaji alikataa hata nauli.

Mama Pacha
Dada yangu, nimesoma nikiwa nimesimama. Mungu akukuzie.

Mwenye Koni Tupu
Pole sana, dada. Naona aibu kwa kulia na kunguru.

Tabibu wa Mtaa
Pole. Wakati mwingine mpe maziwa fresh nusu lita, yanakata sumu yote.

Binti Pangani
Si maziwa bali mkaa uliosagwa na asali. Bibi yetu alituponya wote kwa njia hiyo.

Muuguzi wa Zamu
Ndugu zangu wawili hapo juu, nawaheshimu, lakini msimpe mtoto anayekosa pumzi kitu chochote cha kunywa, kwani koo lililovimba hupitisha kinywaji kwenye mapafu. Mzio wa namna hii hutibiwa kwa adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mapema iwezekanavyo. Vidonge vya mzio hutuliza mwasho wa ngozi lakini havifungui njia ya hewa. Mgonjwa anayehema kwa shida mwacheni akae. Asiye na shida hiyo lakini anayesikia kizunguzungu mlazeni na kumwinua miguu. Hata akipata nafuu afikishwe hospitali, kwa sababu hali hiyo huweza kurudi saa kadhaa baadaye, na ndiyo maana dada alilazwa. Tena, anayedhuriwa na korosho mara nyingi hudhuriwa na pistashio pia, basi zile aiskrimu za kijani nazo ziulizwe.

Mtoto wa Kizingo
Kwa heshima zote, kama mtoto ana mzio mkubwa kiasi hicho, alifuata nini kwenye duka la aiskrimu siku ya Idd?

Mama Pacha
Alifuata Idd. Wewe huko Mama Ngina kaa na dafu lako.

Mkazi wa Upanga
Naomba tusitukanane. Ila nakumbusha kwamba mada ilikuwa kunguru.

Mvuvi Mstaafu
Mada ilikuwa siku iliyokuuma kuliko zote. Nenda juu ukasome.

Kijiko cha Zamani
Dada Mama Wawili, nimeandika nikafuta mara mbili. Kopo hilo ninalijua. Tulielekezwa kubadilisha maji kila baada ya nusu saa, na kwa haki lilipaswa kuwa bomba linalotiririka muda wote, ila bomba la kaunta lilikuwa limeharibika tangu kabla sijaajiriwa. Siku za sikukuu hatukuyabadilisha kabisa, kwa maana kwenda nyuma kumwaga maji ni dakika mbili, na dakika mbili ni wateja wanne wanaopiga kelele. Sikuwepo Idd unayoisema, lakini Idd nyingine nilikuwepo. Nilipokuwa natetea ugandaji hapo juu, kopo halikunijia hata akilini.

Mama Wawili
Ahsante kwa kusema. Yule binti sikumlaumu, alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye ushungi. Ninayeshindwa kumsamehe ni mimi niliyesogea.

Mzee wa Magogoni
Mwanangu, ulisogea kwa sababu ulilelewa vizuri. Siku nyingine usilelewe vizuri.

Binti Pangani
Ushauri wangu ni kununua lambalamba zilizofungwa kiwandani, kwa muuzaji anayepita na baiskeli. Hakuna kijiko, hakuna kopo.

Muuguzi wa Zamu
Hata hizo kuna watu wanaozifungua kwa meno yao kabla ya kukukabidhi. Soma karatasi ya nje kwanza, viambato vimeandikwa.

Tabibu wa Mtaa
Mimi nawashauri muende saa 4 asubuhi, maji ya kopo yakiwa mapya na kunguru wakiwa bado wako sokoni feri.

Mkazi wa Upanga
Saa 4 duka halijafunguliwa.

Mama Pacha
Habari za Jumapili. Niko kwenye foleni muda huu na pacha wangu, mbele yetu wako watu 11. Nimechungulia kaunta, kopo lipo pale pale na maji yake ni meupe. Nitawaarifu.

Mama Pacha
Nimefika mbele. Nimemwomba kijana ayabadilishe maji kabla hajanichotea, naye akanitazama, akatazama foleni, kisha akaenda nyuma. Mama aliye nyuma yangu amesonya kwa sauti ambayo imesikika mpaka Kigamboni. Nimesimama hapo hapo. Maji yamekuja, ni maangavu, kijiko kinaonekana mpaka chini.

Mwenye Koni Tupu
Hongera, dada. Na kwenye mkungu wako wangapi?

Mama Pacha
Wanne. Nimeomba bakuli lenye kifuniko, nimeambiwa vifuniko vimekwisha.